Jumapili za Kuizoesha Injini

Gari la Ottomar Wolfrum lilifika mwenyewe akiwa ameshazikwa. Alijiandikisha kulinunua wakati binti yake Gudrun bado anasoma shule ya msingi, na kwetu Plauen miaka ile mtu aliyejiandikisha kwa ajili ya kigari cha Trabant alijua atasubiri mpaka mvi zimtoke. Gudrun akamaliza shule, akaolewa, akahamia Leipzig. Ottomar akaanza kukohoa, akalazwa, akafa. Theluji ilipoyeyuka mwaka uliofuata ndipo taarifa ikaja kwamba gari liko tayari, njooni mlichukue. Walikuwa wameomba la buluu. Likaja jeupe lililofifia, rangi ya karatasi iliyokaa sana kabatini.

Mkewe, Roswitha, alikuwa akifanya kazi nami kwenye kiwanda cha lesi, mashine yake ikitazamana na yangu. Nyumbani nako tulikaa jengo moja, yeye juu, mimi chini. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza mwenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka mingi, mara nyingi tukiwa tunakunja mashuka.

Roswitha hakujua kuendesha gari. Na kusema kweli, gari lile halikuwa lake hata siku lilipoegeshwa uani. Gudrun alikuwa ameshalipangia: litakuwa la Frieder, mumewe, mhandisi, ambaye wakati huo alikuwa mbali huko Ukraine akijenga bomba la gesi. Frieder angerudi mwisho wa kiangazi.

"Lakini lisikae tu, mama," Gudrun alimwambia alipokuja kulitazama. "Tafuta mtu aizoeshe injini. Mtu mtulivu kweli, si hawa wanaokanyaga mafuta kama wanafukuzwa. Frieder akirudi alikute tayari."

"Huyo mtu mtulivu nimtoe wapi?"

"Uliza watu."

Akaniuliza mimi. Nami nikamtaja Gotthard Penzel.

Penzel alikaa ng'ambo ya ua wetu, chumba na jiko, peke yake tangu mama yake alipofariki. Hakuwahi kuoa. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mwenye masikio makubwa, na alitembea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la maiti la manispaa. Mji mzima ulimjua na mji mzima ulimwamkia kwa mbali.

"Siwezi," Roswitha aliniambia. "Ndiye aliyempeleka Ottomar."

"Alimpeleka vibaya?"

Akafikiri. "Hapana. Hata jeneza halikutikisika."

"Basi. Utulivu gani tena unautafuta?"

Siku ya kwanza Penzel alikuja amevaa tai. Hakuingia kwenye gari moja kwa moja. Alifungua boneti, akaitazama ile injini ndogo kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni, akaomba kijitabu cha maelezo, akakisoma chote akiwa amesimama. Kisha akamgeukia Roswitha, aliyekuwa amejifunika shali mlangoni.

"Bi Wolfrum, tuelewane mapema. Injini hii vyuma vyake bado havijuani. Pistoni na silinda kila kimoja kina ukali wake, na inabidi vilainishane vyenyewe, polepole. Tukiiharakisha sasa itabaki na kinyongo maisha yake yote. Kwa hiyo sitakwenda kasi, sitapakia mizigo, na kilima kirefu nitakizunguka. Na oili kwenye petroli nitazidisha kidogo, utaona moshi. Ukiona moshi usiogope."

"Kwa hiyo tutakuwa tunatambaa."

"Hapana, kutambaa nako kunaiumiza. Mara haraka kidogo, mara taratibu, kisha tunasimama ipoe. Kama matembezi ya mtu aliyetoka hospitali."

"Nitakuja na mimi," Roswitha akasema.

Penzel akakuna sikio. "Si lazima. Nitalirudisha salama."

"Najua. Lakini nimelingoja muda wote huo, nataka nisikie linavyolia."

Ndivyo Jumapili zilivyoanza. Baada ya chakula cha mchana, vyombo vikishaoshwa, Penzel alivuka ua, akapiga honi mara moja, fupi, na Roswitha akashuka na chupa ya kahawa na keki iliyofungwa kwenye taulo. Mwanzoni alikaa kiti cha nyuma. Aliniambia hakujua kwa nini. Labda kwa kuwa gari la Penzel la kazini halikuwa na abiria wa mbele. Jumapili ya pili Penzel aliufungua mlango wa mbele, akasubiri, naye akakaa mbele.

Walikwenda Oelsnitz, wakaenda Pausa, wakaenda Schleiz kwa njia za mashambani. Waliizunguka milima yetu ya Vogtland kama watu wanaozunguka meza iliyoandaliwa. Nyuma yao moshi wa buluu, na nyuma ya moshi foleni ya watu wenye haraka. Mara moja dereva wa lori la mbao aliwafikia kwenye mteremko, akateremsha kioo, akapaza sauti.

"Nyinyi, mnakwenda kumzika nani?"

"Bado tunamtafuta," Penzel akamjibu, bila hata kugeuza kichwa. "Wewe una nafasi Alhamisi?"

Roswitha alicheka mpaka kahawa ikammwagikia gaunini. Jumatatu kiwandani alinisimulia, akashindwa kumaliza, akawa anacheka tena peke yake juu ya mashine, na msimamizi akaja kuuliza kama anaumwa. Tangu kifo cha Ottomar sikuwa nimemsikia akicheka. Na hata wakati wa Ottomar, nikikumbuka vizuri, mwenye kucheka nyumba ile alikuwa Ottomar.

Penzel alikuwa na vichekesho vingi vya namna hiyo, vyote vikavu, na alivitoa kwa uso wa msiba. "Abiria wangu hawajawahi kulalamika," alisema Roswitha alipomsifu kwa uendeshaji. Lakini alijua pia kunyamaza. Walikuwa wakisimama kando ya msitu ili injini ipoe, boneti wazi, wakakaa juu ya blanketi wakisikiliza vyuma vikilia tik, tik, vikipoa. Penzel alimweleza habari za mama yake, jinsi alivyomlisha kwa kijiko miaka ya mwisho, na jinsi mama alivyomsahau jina akawa anamwita kwa jina la mbwa waliyekuwa naye zamani.

"Ulikuwa unaitika?" Roswitha akauliza.

"Alikuwa mbwa mzuri. Kwa nini nisiitike?"

Naye Roswitha akamweleza mambo ambayo hata mimi sikuyajua. Kwamba aliwahi kutaka kujifunza kuendesha, zamani, na Ottomar akamwambia atawaua watu. Penzel hakusema neno baya juu ya marehemu. Aliinuka tu, akafunga boneti, akaenda kukaa kiti cha abiria.

"Njoo ushike."

"Bwana Penzel, si utani huo."

"Sitanii. Hii ni njia ya shamba, hakuna wa kumwua isipokuwa mimi, na kazini kwangu watanipeleka bure."

Gari likaruka, likazima, likaruka tena. Lakini Jumapili ile aliliendesha mpaka mwisho wa uzio wa ng'ombe, na aliporudi nyumbani alipanda ngazi kama msichana.

Katikati ya kiangazi walikwenda bwawa la Pöhl, ambako watu wa mji huenda kuogelea. Penzel alikunja suruali, akaingia maji mpaka magotini, miguu myeupe kama mshumaa. Alikuwa amebeba chupa ya mvinyo wa tufaha aliyoilaza majini ipoe. Wakagonganisha glasi, wakashikana mikono, na kuanzia hapo wakaacha mambo ya Bwana Penzel na Bi Wolfrum. Kwetu hilo si jambo dogo. Kuna watu wamefanya kazi meza moja mpaka kustaafu bila kuitana kwa majina ya kwanza.

"Gotthard," alisema Roswitha, akijaribu.

"Naam, Roswitha."

"Sikutaka kitu. Nilikuwa nasikiliza tu linavyosikika."

Kijitabu cha gari kilisema injini ikishatembea kilomita elfu moja na mia tano itakuwa imezoea. Roswitha alikuwa akiitazama namba kwenye dashibodi. Aliiona ikikaribia, akaiona ikipita. Jumapili iliyofuata Penzel alivuka ua kama kawaida, akapiga honi ile fupi.

"Vipi injini?" Roswitha akamuuliza walipokuwa barabarani. "Imezoea?"

Penzel alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande. "Bado kidogo," akasema. "Naona gia ya tatu bado inasitasita."

"Basi tusiiharakishe."

"Ndiyo. Tusiiharakishe."

Aliponisimulia hilo nilimwambia, "Roswitha, huyo mtu anakupenda." Akaniambia niache upuuzi, watu wazima wenye mvi. Lakini alikuwa akipiga pasi gauni lake la maua, na ilikuwa Jumamosi jioni.

Sasa, jengo letu lilikuwa na watu wenye midomo. Ghorofa ya pili alikaa Bi Unger, mjane mwenzake, ambaye dirisha lake lilitazama uani na hakuwa na kazi nyingine. Siku moja alimsimamisha Roswitha kwenye ngazi, na mimi nikiwa nyuma yake na kikapu cha nguo.

"Bi Wolfrum, naona dereva wako hakosi. Nambie, mkienda mbali unakaa mbele, au anakulaza nyuma kama wateja wake wengine?"

"Nakaa mbele, Bi Unger."

"Na mikono yake si ya baridi? Mimi ningeogopa. Mtu unamshika maiti asubuhi, mchana unakata keki."

Roswitha akampita, akaendelea kupanda. Lakini niliona shingo yake imekuwa nyekundu. Baadaye alinambia kwamba maneno yenyewe hayakumwumiza. Kilichomwumiza ni kwamba siku iliyofuata, Gotthard alipompa mkono, yeye Roswitha aliutazama ule mkono kabla ya kuupokea.

Mwisho wa Agosti Gudrun alikuja kutoka Leipzig bila kutoa taarifa, Jumapili asubuhi, akiwa na habari njema. Frieder anarudi wiki inayofuata. Roswitha akapika, wakala, wakakaa jikoni wakimenya matufaha. Mlango wa nje ulikuwa umerudishiwa tu, haukufungwa, kwa sababu majira yale ya joto Gotthard hakuwa akipiga honi tena. Alikuwa akipanda ngazi mwenyewe, akigonga, akibeba chupa ya kahawa hadi chini. Kwa furaha na pilikapilika za mgeni, Roswitha hakukumbuka saa.

Gudrun hakuwa mtu mbaya. Alikuwa binti aliyempoteza baba yake na hakuwa tayari kuona kiti cha baba kikikaliwa. Na asubuhi ile alikuwa amekutana na Bi Unger kwenye ngazi.

"Mama, nikuulize kitu. Huyu anayeendesha gari, watu wanasema mambo."

"Watu gani?"

"Wanasema mnakwenda kuogelea. Wanasema unamwita Gotthard." Gudrun aliacha kisu. "Mama, ni yule yule aliyembeba baba. Nambie ukweli, kuna nini?"

Hapo ndipo Roswitha alipotoa maneno ambayo amekuwa akiyarudia peke yake mpaka leo. Aliniambia yalimtoka haraka, na kwa kicheko.

"Nani, Penzel? Usinichekeshe, Gudrun. Mimi na dereva wa maiti? Anaizoesha injini tu, basi. Ikishazoea, namshukuru, na yeye anarudi kwa wafu wake."

Gudrun akacheka pia, kwa ahueni. Na wakiwa bado wanacheka, mlango uligongwa, mara mbili, taratibu.

Alikuwa amesimama pale nje. Amevaa suti ya buluu ambayo hatukuwahi kumwona nayo, na mkononi amebeba kofia iliyojaa uyoga wa msituni, mbichi, bado una majani makavu yaliyounata. Tangu lini alikuwa pale hakuna aliyejua. Roswitha alimtazama usoni akitafuta, na uso ulikuwa ule ule wa kila siku, uso wa msiba.

"Mchana mwema, Bi Wolfrum," akasema. "Mchana mwema, bibi. Nimekuja kwa ajili ya gari."

Aliposikia Bi Wolfrum, Roswitha akajua.

Angeweza kusema kitu pale pale. Angeweza kumshika mkono, mbele ya Gudrun, na mambo yote yangekuwa mengine. Badala yake alipokea uyoga, akasema asante, akaumimina kwenye bakuli na kumrudishia kofia yake. Gudrun akasema anataka kupanda naye aone gari la Frieder linavyokwenda. Basi wakashuka wote watatu. Gudrun akakaa mbele. Roswitha akakaa nyuma.

Penzel aliwapeleka mpaka barabara kuu ya Oelsnitz. Pale kwenye kile kipande kirefu kilichonyooka baada ya reli, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya majira yote yale. Aliikanyaga pedali ya mafuta mpaka chini. Gari likakusanya nguvu, likavuta, miti ikaanza kukimbia, na injini ikatoa sauti moja tu, nyororo, bila kukwaruza popote. Gudrun alipiga makofi. Penzel akaiacha ikimbie mpaka kilimani, akaulegeza mguu, akageuza.

"Imezoea," akasema. "Ilishazoea siku nyingi."

Uani alizima gari, akaufuta usukani kwa leso yake, akampa Gudrun ufunguo. Alimwambia kuhusu kiasi cha oili kuanzia sasa, na kwamba breki ya kushoto inavuta kidogo. Kisha akainamisha kichwa kwa Roswitha.

"Asante kwa kahawa zote, Bi Wolfrum."

"Asante wewe, Bwana Penzel," Roswitha akamjibu.

Aliniambia kwamba lile jina lilimtoka lenyewe, kwa kuwa Gudrun alikuwa akitazama.

Jumapili iliyofuata Frieder alikuwa ameshalichukua gari kwenda Leipzig. Roswitha alikaa dirishani amevaa gauni la maua. Hakuja mtu. Jumapili ya baada ya hiyo alivuka ua mwenyewe, akagonga mlango wa Penzel. Mwenyewe akafungua, kwa adabu, akiwa amevaa sare nyeusi.

"Kuna maziko Adorf," akasema. "Naondoka sasa hivi. Kulikuwa na shida?"

"Nilikuja," Roswitha alisema, "nilikuja kuuliza kama kopo la oili ulilichukua wewe."

"Lipo kwenye stoo yako, rafu ya chini."

"Ah. Basi sawa."

Nilimgombeza usiku kucha, kwa namna ya kusema. "Rudi ukamwambie hukuwa na maana ile."

Roswitha alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. "Nimdanganye tena? Nilikuwa na maana ile. Dakika ile ile niliyoisema nilikuwa nayo. Nilimwonea aibu. Kwa binti yangu, kwa Unger, nilimwonea aibu, baada ya yote yale. Hilo ndilo alilolisikia, na alisikia sawasawa."

Nikakichukua kile kikombe, nikakijaza tena.

Kabla ya Krismasi Penzel aliomba uhamisho, akaenda Görlitz, mpakani kabisa, kwa dada yake aliyekuwa na nyumba kubwa. Hakuaga jengo zima. Mimi nilimkuta uani akifunga sanduku kwa kamba, nikampa mkono, akanambia, "Mtunze Bi Wolfrum," kisha akarekebisha fundo la kamba ambalo halikuhitaji kurekebishwa.

Mwaka mzima ulipita. Roswitha alijiandikisha shule ya udereva, akawa mzee kuliko wote darasani, akashindwa mtihani, akarudia, akapata leseni. Gari la kuendesha hakuwa nalo. Frieder alikuwa akija nalo sikukuu, na kila mara aliisifu injini, inavyowaka hata kwenye baridi kali, na wenzake wanavyomwonea wivu. "Aliyeizoesha alijua kazi," alikuwa akisema, na Roswitha akainuka kwenda kuangalia kitu jikoni.

Mwishowe, majira ya kuchipua yaliyofuata, alipanda treni kwenda Görlitz. Hakumwambia Gudrun. Aliniambia mimi, nikamfungia mikate.

Penzel alimpokea vizuri. Hilo, aliniambia, ndilo lililokuwa gumu. Angemfukuza ingekuwa rahisi zaidi. Alikuwa amekonda, anakohoa, ameacha kuendesha na kuwekwa ofisini. Dada yake, Irmtraud, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliandaa kahawa na keki ya jibini, akawaacha sebuleni.

"Nimekuja kwa sababu ya siku ile," Roswitha akasema.

"Siku ile imekwisha, Bi Wolfrum."

"Nilisema jambo la aibu."

"Ulisema nilikuwa naizoesha injini. Ni kweli. Nilikuwa naizoesha."

"Haikuwa kweli yote."

Alizungusha kikombe chake kwenye sahani. "Hapana," akasema. "Yote haikuwa. Lakini ilikutoka haraka sana."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe nikiwa bado pale mlangoni. Watu wananionea aibu tangu nilipoanza kazi, sina chuki nao. Nilidhani tu kwamba wewe umeshazoea."

Roswitha alitaka kumwita Gotthard, lakini hakulitaja, kwa sababu Penzel alikuwa amemwita Bi Wolfrum tangu alipoingia, naye hakujua kama ana haki. Wakazungumza habari za hali ya hewa. Wakazungumza habari za mashine mpya kiwandani. Alipoinuka, Penzel alimsaidia koti, akamwekea kola sawa, na mikono yake, Roswitha alisema, ilikuwa ya moto.

Irmtraud ndiye aliyemsindikiza stesheni, kwa kuwa kaka yake hakuweza kutembea kwenye ule upepo. Walisimama jukwaani. Treni ilikuwa imeshaingia.

"Kwa hiyo wewe ndiye Roswitha," Irmtraud akasema. "Nilitaka nikuone."

"Alinitaja kwako?"

"Kiangazi kile kizima. Mwezi wa nane akaniandikia nikipake rangi chumba cha juu, kwamba Krismasi atakuja na mtu, nisimuulize maswali. Nikakipaka. Akaniambia atakuuliza Jumapili fulani, amenunua na suti." Alivuta pumzi. "Sikulaumu, dada. Lakini naona ni vizuri ujue. Yeye hatakwambia maisha yake yote. Na ungemuuliza wewe hata leo, hawezi kukataa."

Filimbi ikalia, Roswitha akapanda.

Treni ya kurudi, kupitia Dresden, husimama kidogo stesheni ya Löbau. Siku ile ilisimama sana, kulikuwa na kitu kwenye reli mbele. Upande wa pili wa jukwaa ilikuwepo treni inayokwenda Görlitz, milango wazi, nusu tupu. Roswitha aliniambia aliinuka. Alichukua mkoba wake kutoka juu, akachukua na koti, akaenda mpaka mlangoni, akaushika mpini. Mwanamume mmoja nyuma yake akamuuliza kwa upole, "Unashuka, mama?" Akasema, "Hapana, samahani," akampisha. Akarudi kukaa. Ile treni nyingine ikaondoka, kisha na ya kwake ikaondoka.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Sijui," akasema. "Nilifikiri nitaandika. Nilifikiri nitarudi kiangazi, nikiwa nimejiandaa."

Hakuandika, na kiangazi Gudrun alijifungua, Roswitha akahitajika Leipzig. Majira ya baridi yaliyofuata kifua kilimshinda Gotthard Penzel. Irmtraud alituma taarifa, lakini ilifika baada ya maziko. Roswitha aliisoma akiwa amesimama kwenye ngazi, akaikunja, akashuka kwangu kuniomba nimsaidie mashuka, kwa kuwa yalikuwa bado kwenye kamba na mvua ilikuwa inakuja.